Siku Niliyompakia Mkwe Wangu Gari Rangi

Nianze na waliokuwepo, ili baadaye mtu asije akasema nimeongeza watu ama nimepunguza. Nilikuwa mimi Kamene, mama yake Mutindi, naishi Kitengela kwa ploti yangu mwenyewe yenye ua wa kayaba. Alikuwepo Nashipae, jirani yangu wa ua kwa ua, mama wa Kimaasai ambaye tumezeeka naye pamoja mpaka tunaazimana miwani. Musyoka wa hadiwea, duka la misumari na rangi. Lemayian, mume wa Mutindi, mwenye gari, anauza dawa za mifugo huko Kajiado. Mutindi mwenyewe alikuwa kwake Kajiado akipika, yeye na Noolarami, mama yake Lemayian, na akina mama wa kanisa. Halafu alikuwepo Diwani. Diwani ni mbuzi, dume, mweusi tititi, ndevu mpaka kifuani, na hilo jina nilimpa kwa sababu kila kitu anachokiona anadhani ni chake.

Na aibu ilikuwa yangu, nisiwafiche. Ingekuwa ya Nashipae ningeshaieleza zamani.

Kwanza mjue kitu kimoja, maana bila hicho mtashangaa mwanamke mzima anafanyaje mambo kama haya. Kwetu Ukambani, na huko kwa Wamaasai ni vilevile, mama mkwe na mume wa mtoto wake hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono, hawakai pamoja, hawali pamoja. Si chuki, ni heshima. Vijana wa siku hizi wameacha, unaona mama mkwe anapigwa picha amekumbatiwa na mkwe shingoni, sawa, ni mambo yao, lakini mimi na Lemayian tulishika ile ya zamani tangu siku aliyomchukua Mutindi, na ilikuwa ndiyo fahari yangu. Akija kwangu anakohoa langoni, mimi naingia jikoni, anapita akiangalia viatu vyake. Anaita, “Mama, takwenya!” (ndiyo salamu ya Kimaasai kwa mwanamke), na mimi nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni najibu, “Iko!” Basi. Hayo ndiyo maongezi yetu yote. Nikitaka kumwambia kitu namwambia Mutindi, Mutindi anamwambia.

Kwa Wamaasai kuna njia ya kurahisisha kidogo. Mkwe anamletea mama mkwe kondoo, na tangu siku hiyo wanaitana kwa jina la ule mnyama, Paker, yaani wewe wa kondoo. Wanakuwa na jina la kuitana. Sisi hatukuwa nalo, kwa sababu kondoo yangu ililetwa kweli siku ya kuleta mahari, lakini ndugu zangu waliotoka Machakos (Kilonzo na Mutiso, nawataja kabisa) walikuwa na njaa ya safari na hawakujua mambo ya Kimaasai, wakaichinja kabla haijafika mlangoni kwangu. Nilipewa shingo. Hakuna mtu anaitwa kwa jina la shingo.

Sasa twende kwa siku yenyewe.

Lemayian hapendi kuendesha gari Nairobi, anasema huko kila dereva ni mkubwa. Kwa hivyo akienda kununua dawa anaacha gari kwangu, anapanda basi, akirudi anaichukua anaenda nayo Kajiado. Jumamosi hiyo aliiacha asubuhi, na kabla ya kuondoka akaiosha hapo kwangu, akaisugua mpaka ikawa inang'aa kama sufuria mpya, kwa sababu Jumapili yake alikuwa anaingizwa kuwa mzee wa kanisa, na wageni wangekuja. Akaisimamisha upande wa kushoto ukitazama ua, karibu sana na kayaba, ili isipigwe na jua. Mutindi alinipigia akaniambia mume wake atarudi jioni.

Nikamfungulia Diwani anyooshe miguu.

Mnajua dume la mbuzi likiona dume lingine. Diwani alizunguka gari akaingia pale katikati ya gari na ua, akaona kwa mlango wa nyuma mbuzi mwingine mweusi mwenye ndevu akimwangalia kwa madharau. Akarudi nyuma. Yule mwingine naye akarudi nyuma. Diwani akainua miguu ya mbele, na yule mwingine pia, kumbe hawaogopani, na mimi nikitoka jikoni na mwiko nasikia tu GBAM! Na tena GBAM! Nilipofika mlango ulikuwa umebonyea kidogo na rangi imechunwa mahali pakubwa kama sinia, na Diwani amesimama ametosheka kwa sababu yule mwenzake hakuonekana tena vizuri.

Hapo ndipo ningepiga simu. Simu ilikuwa kwa mfuko wa aproni. Ningemwambia Mutindi, Mutindi angemwambia, wangecheka, yangeisha. Lakini nilifikiria Lemayian anaenda kwa kanisa kesho na gari iliyogongwa na mbuzi ya mama mkwe wake, watu wamuulize, na yeye kwa heshima ashindwe hata kulitaja jina langu. Nikaona hapana. Nikaita juu ya ua, “Nashipae! Rangi ya gari inauzwa kwa mkebe?”

“Inauzwa,” akasema Nashipae. “Ile ya kupuliza. Mjukuu wangu alipaka pikipiki.”

“Ikawa nzuri?”

“Pikipiki iliuzwa,” akasema, na sikumuuliza iliuzwa kwa nini.

Nikaenda kwa Musyoka. Musyoka ni mtoto wa kwetu, baba yake ni Nzioka wa Kathiani, anaheshimu watu. Akaniuliza, “Mama, unataka rangi gani?”

“Nyeupe.”

“Nyeupe gani?”

“Musyoka, nyeupe ni nyeupe.”

“Si ya gari, mama. Ya gari ziko nyingi. Kuna ya karatasi, kuna ya maziwa.”

“Ya maziwa.”

“Maziwa ya pakiti ama ya ng'ombe?”

Nikasimama hapo nafikiria. Nikamwambia ya ng'ombe aliyekula nyasi kavu. Akacheka akanipa mikebe miwili na msasa, akanieleza: sugua kwanza, futa vumbi, funika sehemu zingine na gazeti ulibandike vizuri, tikisa mkebe, usikaribie sana, puliza kidogo kidogo, ngoja ikauke, na upepo ukiwa unavuma usijaribu. Nilikuwa naitikia “ndiyo, ndiyo” kama mtu aliye kanisani anayefikiria chakula. Niliposhika njia kurudi nyumbani, upepo wa Kitengela, ule wa kubeba mabati, ulikuwa umeshaamka.

Gazeti nilikuwa nalo, nilikuwa nimefungiwa nyama. Gundi sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na uji wa asubuhi umebaki, mzito, na sisi zamani tulibandika picha ukutani na uji na zikakaa miaka. Nikapaka uji kwa gazeti, nikafunika dirisha na ule mlango mwingine, nikajipongeza. Nashipae akaja na kiti chake kuangalia.

Nikatikisa mkebe. Ndani kukaanza kugonga koko-koko-koko.

“Imevunjika,” nikamwambia Nashipae. “Nimeuziwa iliyovunjika.”

“Ndivyo ilivyo,” akasema. “Hata ya pikipiki ilikuwa inagonga.”

“Na pikipiki iliuzwa!”

“Puliza, mama Mutindi.”

Nikapuliza. Wenzangu, nisiwadanganye, mwanzo ni mtamu. Inatoka shhhh kama pumzi, na mahali palipochunika panapotea, na nilisikia fahari hiyo, nikasema kumbe mafundi wanatudanganya miaka yote. Nikasogea karibu ili niipake vizuri zaidi. Ikaanza kutiririka. Nikapuliza juu ya ile iliyotiririka ili kuifunika, ikatiririka zaidi. Ndipo upepo ukageuka, nusu ya rangi ikanirudia usoni, nusu ikaruka ua ikaenda kwa kamba ya Nashipae, ambako alikuwa ameanika shuka lake jekundu la kuvaa kanisani.

“Shuka langu!” Nashipae akaruka kwa kiti kama msichana akakimbia kwake, na hapo ndipo nikabaki peke yangu. Kumbukeni hilo, kwa sababu Nashipae huwaambia watu aliniacha nikiwa salama.

Nilifungua macho nikaona mambo matatu. La kwanza, vumbi lote la barabarani limeshuka kwa ile rangi mbichi na mlango umekuwa kama msasa wa Musyoka. La pili, rangi yenyewe haikuwa ya ng'ombe aliyekula nyasi kavu, ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto, na gari, nilipoiangalia sasa vizuri, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Na la tatu, Diwani alikuwa amerudi kwa sababu ya uji, anakula gazeti. Anang'oa, anatafuna, ndevu zake zinapiga mlango, zinaacha nywele. Nikamvuta. Kipande kimoja cha gazeti kikapeperuka kikaenda kushika katikati ya rangi mbichi, picha ya mheshimiwa fulani, nusu ya uso, jicho moja. Nikajaribu kukitoa na kucha kikakataa. Basi nikachukua mkebe wa pili nikampuliza mheshimiwa, na jicho likabaki likiniangalia kupitia rangi.

Na hapo, langoni, nikasikia mtu anakohoa.

Jioni ilikuwa bado sana. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Lakini kile kikohozi nakijua kuliko cha baba yangu.

Jiweke mahali pangu. Jikoni iko upande ule mwingine, nikienda lazima nipite mbele yake. Nyuma yangu ni kayaba, na kayaba iko na miiba ya kumaliza mtu. Uso wangu mweupe, aproni imejaa uji, mkebe mkononi, ningeonana na mkwe wangu ana kwa ana kwa mara ya kwanza maishani nikifanana na kitu cha kutisha ndege shambani. Huo mlango wa nyuma haujawahi kushika loki tangu gari inunuliwe. Nikaufungua (ndiyo, huohuo wenye rangi mbichi, kwa mikono yangu yote miwili), nikaingia. Viti vya nyuma huwa amevilaza kwa sababu ya kubeba chakula cha mifugo, kwa hivyo palikuwa wazi, na turubai lake lilikuwa hapo. Nikalala, nikajifunika. Diwani akanusa uji wa aproni akaruka ndani na yeye. Nikavuta mlango polepole.

“Mama, takwenya!” Lemayian akaita.

Niliuma ulimi.

“Mama, takwenya! Nimerudi mapema. Nachukua gari!”

Nilisikia viatu vinakuja, polepole, najua anaviangalia. Akafungua mlango wa dereva, akaweka maboksi ya dawa kwa kiti cha mbele (za chanjo huwa anaziweka karibu naye kama mtoto mchanga), akakaa, akanusa. “Hii dawa imemwagika?” akajiuliza. Akafungua dirisha. Akawasha gari.

Nilijiambia atasimama langoni afunge lango, nitatoka mbio. Alisimama kweli akafunga lango. Lakini mimi kutoka mbio mara ya mwisho ilikuwa wakati Mutindi yuko darasa la kwanza. Kabla sijaondoa turubai miguuni tulikuwa kwa barabara kubwa.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuongea. Niongee niseme nini? Mama mkwe amelala nyuma ya gari ya mkwe wake, wao wawili tu. Nikiongea nimelivunja lile jambo tulilolishika miaka yote. Nikikaa kimya, labda atafika kwake, ashuke, aende, na mimi nishuke baadaye nimwambie Mutindi nilikuja kwa miguu. Nilishika mdomo wa Diwani. Turubai lilikuwa na shimo, nikawa naona kisogo cha Lemayian na kile kioo kidogo cha mbele.

Karibu na Isinya Diwani alichoka kushikwa mdomo. Akatoa kichwa akalia, “Meeeeh!” karibu na sikio la dereva.

Gari iliyumba. Lemayian akasimama kando ya barabara, akaangalia kwa kioo, akaona pembe na uso mweusi wenye madoa meupe. Nilingoja akasirike. Akaanza kucheka.

“Diwani! Ni wewe?” akasema. “Mama amenipa Diwani! Amekuingiza mwenyewe bila kusema neno!” Akatoa simu kumpigia Mutindi, simu ya Mutindi ilikuwa inaongea na mtu mwingine. Akaiweka chini, akawasha gari, na kwa kuwa alikuwa na furaha na hakuna mwingine wa kumwambia, akamwambia mbuzi.

“Diwani, unajua huyo mama ni mama wa namna gani? Wenzangu wote mama wakwe wao wanawatukana kwa simu. Mimi, miaka hii yote, sijasikia neno moja baya kutoka nyuma ya ule mlango. Lakini sijui kama ananipenda. Utajuaje? Anasema ‘Iko’ peke yake. Kesho nikisimama mbele ya watu nataka kumshukuru, na sijui nimwite nani. Mama tu? Kila mtu ni mama.” Akakohoa kile kikohozi chake, akaanza kujaribu maneno ya kesho. “Wazee, takwenya. Hapana, wazee ni supa. Wazee, supa. Mchungaji, supa. Mama, takwenya...”

“Iko!” nikasema.

Mungu ni shahidi wangu, si mimi niliyesema, ni mdomo. Umezoea. Ukisikia ile salamu unajibu wenyewe, kama mtu anayepiga chafya.

Gari ilikuwa inaenda, lakini polepole sasa, kama inayobeba mayai. Kupitia lile shimo nikaona mkono wa Lemayian unapanda, taratibu, ukashika kile kioo kidogo, ukakigeuza kikaangalia paa. Halafu mkono ukarudi kwa usukani, na yeye akaangalia mbele tu, shingo imesimama kama ya mtu anayenyolewa.

Tulienda hivyo mbali kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, “Diwani, mwambie huyo aliyekuingiza kwa gari, kuna chupa ya maji nyuma ya kiti changu, kama ako na kiu.”

Nilikuwa na kiu ya kufa. Nikanywa. Nikasema kutoka chini ya turubai, “Diwani, mwambie asante.”

“Diwani, mwambie mbele kuna tuta, ajishike.”

Nikajishika. Tukapita tuta. Nikaona kama tumefika hapa, mimi na yeye, afadhali nimalize. “Diwani, mwambie mlango wake wa nyuma umeharibika. Nilijaribu kuupaka rangi.”

“Diwani, mwambie nasikia harufu tangu Kitengela.”

“Mwambie si mimi niliyeugonga. Mwambie ni wewe.”

Akatoa sauti fulani puani, alikuwa anazuia kicheko, hata mabega yalitikisika. “Diwani,” akasema, “na wewe nilikuwa nakusifu.”

Hapo simu yake ikalia. Akasimamisha gari kando, akaiweka kwa sauti kubwa, na sauti ya Mutindi ikajaza gari, analia. “Lemayian, mama amepotea! Nashipae amenipigia, amezunguka ploti yote, amepata mkebe wa rangi na simu yake chini, na uji umemwagika! Mama hayuko, na mbuzi hayuko! Ulimwona?”

Sasa huyu mtoto wa watu ajibu nini? Aseme niko naye, kwa gari, sisi wawili? Masikio yote ya Kajiado yako hapo kwa simu. “Niko na mbuzi,” akasema.

“Mbuzi! Na mama?”

“Mutindi, mama yuko salama.”

“Umejuaje?”

“Mbuzi... mbuzi yuko sawa sana.”

“Lemayian, unaongea juu ya mbuzi na mama yangu amepotea!” Akakata simu.

Lemayian akamwambia Diwani mpango. Tukifika ataingiza gari mpaka nyuma ya nyumba, karibu na zizi, yeye atashuka aende kusalimia wazee bila kugeuka nyuma, na mtu akitaka kushuka ashuke aingie jikoni anawe uso, na hakuna atakayejua kitu. Nilimwambia Diwani amwambie ni mpango mzuri. Ulikuwa mzuri kweli. Ungefaulu kama Mutindi hangekuwa amewaambia watu.

Tulipoingia tu, boma lilikuwa limejaa. Akina mama wa kanisa waliokuja kupika walikuwa wameacha sufuria, wamesimama mduara wanaomba, mikono juu, Mutindi katikati, na mke wa mchungaji, akiniita susu kama Wakamba wanavyomwita nyanya, anaombea “Susu wetu huyu popote alipo, umfunike, Bwana.” Nilikuwa nimefunikwa kweli, na turubai. Waliposikia gari wakaikimbilia wote pamoja, Lemayian hata hakufika kwa zizi, na Naisula, mama mmoja mwenye nguvu sana wa kuimba sauti ya kwanza, akafungua ule mlango wa nyuma amtoe mbuzi.

Diwani akaruka. Na turubai likaenda naye, lilikuwa limeshika kwa pembe.

Mimi nikabaki hapo nimelala kwa ubavu, uso mweupe, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, chupa ya maji mkononi.

Naisula alipiga nduru nafikiri waliisikia Namanga. Mke wa mchungaji akafungua macho akayafunga tena. Mmoja akasema, “Wamemrudisha,” mwingine akauliza, “Amekufa?” na Mutindi mtoto wangu akasema, “Mama! Umefanya nini na uso?” Nikajaribu kukaa. Aproni ilikuwa imeshika kwa viti na uji ulikuwa umekauka, nikaamka nikisikika kraaa kama karatasi. Watoto wakakimbia nyuma ya nyumba. Kisha watu wakaona mlango, ndevu za mbuzi, vumbi, jicho la mheshimiwa, na alama za mikono yangu yote miwili, wazi kabisa, vidole kumi. Naisula naye akaangalia mkono wake, ulikuwa mweupe, na watu wakaanza kucheka.

Lemayian alikuwa amesimama mbele ya gari, mgongo kwangu, anaangalia mbali sana huko milimani kama anayehesabu miti. Hakugeuka. Nataka mjue hakugeuka hata wakati wa ile nduru.

Mtu mmoja wa nyuma, sitamtaja (ni Mama Tipape), akasema kwa sauti ya kusikika, “Kwani wamekuja pamoja? Mkwe na mama mkwe? Gari moja?” Na vicheko vikazimika. Hilo ndilo nililoogopa tangu kikohozi cha langoni. Rangi inatoka kwa mafuta ya taa. Neno kama hilo halitoki.

Ndipo Noolarami, mama yake Lemayian, akaja na fimbo yake, akasukuma watu, akaniangalia juu mpaka chini, akaangalia Diwani aliyekuwa ameanza kula maua ya kesho.

“Lemayian,” akaita, “huyu mbuzi ni wa nani?”

“Ni wangu, yeyo,” akajibu, bado anaangalia milima. “Amenipa.”

Noolarami akanigeukia. “Umempa?”

Sasa, Diwani sikuwa nimempa mtu. Diwani nilimlea kwa chupa. Lakini watu wote walikuwa wananingoja, na nilikumbuka yale maneno barabarani, mtu mzima anaambia mbuzi hajui amwite mama mkwe wake nani.

“Nimempa,” nikasema.

“Basi mnangoja nini?” Noolarami akawageukia watu. “Mama mkwe amemletea mkwe wake mbuzi, ameileta mwenyewe na mikono yake. Nyinyi mmewahi kuona mama wa Kikamba anajua desturi yetu hivyo? Kutoka leo wana jina. Wataitana Pakine, wa mbuzi. Na mtu mwenye jina na mkwe wake anaweza kubebwa kwa gari. Mama Tipape, chai yako inaungua.”

Hakuna kilichokuwa kinaungua, lakini Mama Tipape alienda.

Noolarami mwenyewe alinisugua uso na mafuta ya taa, halafu na samli kuondoa harufu, na alikuwa anacheka mpaka fimbo inaanguka. Nikiwa nimekaa jikoni nikasikia kikohozi nje ya mlango.

“Pakine,” akasema mtu, “takwenya.”

“Pakine,” nikasema, “iko.”

Halafu nikaongeza, kwa sababu sasa nina ruhusa, “Umekula?” Akasema bado. Nikamwambia ale. Ndiyo mara ya kwanza kuongea na mkwe wangu bila mbuzi katikati.

Jumapili akaenda kanisani na ile gari vilevile, na akasimama akashukuru Pakine wake mbele ya watu, na wote wakageuka kuniangalia, nilikuwa bado na rangi ndani ya masikio. Fundi amekuja mara nyingi kumwambia atamrekebishia ule mlango, anakataa, anasema wateja humjua kwa huo. Diwani hakuchinjwa, mnyama wa jina hachinjwi ovyo, yuko huko Kajiado ni mkubwa wa zizi, na nikienda ananiangalia kama vile hatujawahi kujuana.

Mimi mkebe wa rangi sishiki tena, hata wa kupaka kiti. Na mbuzi akigonga kitu cha mtu, napiga simu hapohapo, kabla sijaweka mwiko chini. Nashipae naye, kila akivaa lile shuka la madoa, ananikumbusha.

Sasa ninyi mliokuwepo, na mnaosoma hii mkimjua aliyekuwepo, kama nimekosea nirekebisheni. Mutindi anasema jicho la mheshimiwa lilikuwa la kulia, mimi nasema la kushoto. Naisula anasema hakupiga nduru. Nashipae anasema upepo haukuwa mkali vile, na Musyoka huenda ataapa aliniambia chai ya maziwa. Nileteeni, nitafuta niandike upya. Lakini ile ya kioo, kwamba alikigeuza kikaangalia paa, hiyo msinisahihishe, kwa sababu wa kuiona nilikuwa mimi peke yangu, kupitia shimo la turubai.